Ankara ya Maji Isiyorudi Dirishani: Mwongozo Kamili kwa Ofisa Ankara

Ankara zikitoka, baada ya siku mbili foleni iko mlangoni. Mmoja kaandikiwa uniti 98,000, mwingine kaletewa deni la mpangaji aliyehama, wa tatu alilipa wiki iliyopita lakini deni halijashuka. Ofisa ankara anashinda dirishani akirekebisha moja moja, na mwezi unaofuata ni yale yale.

Makosa mengi ya ankara huzaliwa kabla haijachapishwa. Yanatoka kwenye rejesta, kwenye kisanduku cha mita, na kwenye ile siku ya uhakiki ambayo wengi huiruka kwa sababu mkubwa anataka ankara zitoke haraka. Mwongozo huu unafuata mzunguko mzima wa mwezi katika mamlaka ndogo ya maji au chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii nchini Tanzania, kwa wateja wanaolipa baada ya kutumia. Mita za malipo ya kabla zina taratibu zake na hazimo humu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rejesta ya wateja, iwe kwenye mfumo au jedwali la kompyuta, yenye namba ya mteja, jina, simu, namba ya mita, daraja la mteja (nyumbani, biashara, taasisi, kioski) na njia ya usomaji, yaani mitaa anayoipita msoma mita mmoja.
- Nakala ya bei zilizoidhinishwa, yenye tarehe ya kuanza kutumika. Kwa mamlaka za maji mdhibiti ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Usitegemee bei iliyokaririwa wala karatasi iliyobandikwa ukutani tangu enzi za ofisa aliyetangulia.
- Usomaji wa kila mita kwa miezi 12 iliyopita. Ukiwa na mitatu tu unaweza kuanza, ila uhakiki utakuwa dhaifu.
- Orodha ya mita zilizofungwa, kubadilishwa au kung'olewa mwezi huo, kutoka kwa mafundi, yenye namba za mita na usomaji.
- Simu yenye kamera kwa kila msoma mita, tochi, kitambaa na brashi ndogo.
- Fomu za marekebisho zenye namba mfululizo.
- Taarifa ya benki au ya mfumo wa malipo, inayopatikana kila siku.

Kama hicho cha nne hakipo, anza kukidai leo. Ndicho chanzo cha ankara za maajabu.

## Hatua ya 1: Safisha rejesta

Siku tano kabla ya usomaji, pitia mabadiliko ya mwezi: wateja wapya, waliohama, waliokatiwa, waliorudishiwa huduma, mita zilizobadilishwa. Kila badiliko liwe na karatasi yake, ombi au taarifa ya fundi. Neno la mdomo koridoni halihesabiki.

Kagua mambo matatu. Kwanza, namba ya mita iliyo kwenye rejesta ndiyo iliyochongwa kwenye mita? Nyumba mbili zilizofungiwa mita siku moja hubadilishana namba kwa urahisi, na kila mmoja analipia maji ya jirani yake kwa miaka bila kujua. Pili, daraja ni sahihi? Nyumba iliyogeuzwa hosteli au sehemu ya kuoshea magari haistahili tena bei ya nyumbani. Tatu, simu ya nani imeandikwa? Kwenye nyumba za kupanga, namba ikiwa ya mpangaji aliyeondoka, ujumbe wa ankara unamfikia mtu aliyeko mkoa mwingine.

Umefaulu ukiona: idadi ya wateja hai mwezi uliopita, kujumlisha wapya na waliorudishiwa, kutoa waliokatiwa na waliofunga akaunti, inalingana kabisa na idadi ya mita utakazomkabidhi msoma mita. Hata mmoja akipungua, mtafute kwanza.

## Hatua ya 2: Panga njia na tarehe

Mita isomwe kila baada ya siku 28 hadi 32. Kama bei zako zinapanda kwa ngazi, mwezi wa siku 38 unamsukuma mteja kwenye ngazi ya juu bila yeye kuongeza hata ndoo moja, na hapo analalamika kwa haki.

Ratiba inayofanya kazi katika ofisi nyingi ndogo ni hii: kusoma tarehe 20 hadi 24, uhakiki tarehe 25 na 26, kurudia mita zenye shaka tarehe 27, kutoa ankara tarehe 28 hadi 30. Njia zisomwe kwa mpangilio uleule kila mwezi, ili mtaa uliosomwa siku ya kwanza usije ukasomwa siku ya mwisho mwezi unaofuata.

Badilisha wasoma mita kati ya njia angalau kila miezi mitatu. Anayesoma njia moja mwaka mzima huanza kukisia akiwa kivulini, na wengine huanza kuelewana na wateja.

## Hatua ya 3: Soma mita ipasavyo

Mita nyingi za nyumbani za milimita 15, zile za nusu inchi, zina tarakimu nyeusi na tarakimu au visahani vyekundu. Nyeusi ni mita za ujazo, ndizo uniti. Nyekundu ni sehemu ya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Ankara hutumia nyeusi peke yake.

Agizo kwa msoma mita liwe fupi:

1. Futa kioo. Tope juu ya 3 huifanya 8.
2. Linganisha namba ya mita na ya kwenye orodha kabla ya kuandika chochote.
3. Andika tarakimu zote nyeusi pamoja na sifuri za mbele. 00434, wala si 434.
4. Piga picha inayoonyesha usomaji na namba ya mita kwa pamoja.
5. Andika hali ya mita: nzima, imesimama, kioo kina ukungu, lakiri (muhuri wa mita) imekatwa, imefungwa kinyume, geti limefungwa, mbwa.

Tarakimu ya mwisho ikiwa katikati ya namba mbili, andika ndogo. Uniti haijakamilika, itaingia mwezi ujao.

Onyo: msoma mita asipewe orodha yenye usomaji wa mwezi uliopita. Akiuona ataongeza 12 au 15 na kuendelea na safari. Mpe namba ya mteja, namba ya mita na nafasi tupu ya kujaza.

## Hatua ya 4: Hakiki kabla ya kuchapisha

Hapa ndipo kazi ya ofisa ankara ilipo hasa. Tenga siku mbili kamili na uzilinde. Ofisi ikikuambia hakuna muda wa kuhakiki, waonyeshe foleni ya mwezi uliopita.

Toa orodha ya wateja wote wenye matumizi ya mwezi huu na wastani wao wa miezi mitatu. Kisha tenganisha makundi haya:

Matumizi hasi. Usomaji wa sasa ni mdogo kuliko uliopita. Sababu huwa mojawapo ya hizi: mita imebadilishwa, mita imezunguka na kuanza upya, mita imefungwa kinyume, usomaji wa mwezi uliopita ulikuwa makadirio makubwa mno, au kuna aliyekosea kuandika.

Mita iliyozunguka ni rahisi. Ya tarakimu tano ikitoka 99987 ikafika 00011, hesabu ni 100,000 kutoa 99,987, unapata 13, ongeza 11, jumla uniti 24.

Mita iliyobadilishwa ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme ya zamani ilisomwa mara ya mwisho 01204 na ikang'olewa ikiwa 01213. Hizo ni uniti 9. Mpya ilifungwa ikiwa 00002, kwa sababu mita nyingi hutoka kiwandani zimeshapitishiwa maji ya majaribio, na sasa inasoma 00010. Hizo ni 8. Mteja analipia 17. Fundi asipoleta taarifa, mfumo unaona 01204 kisha 00010, unadhani mita imezunguka, na unamwandikia mteja uniti 98,806. Yule wa kwanza kwenye foleni huwa ametokea hapa.

Sifuri. Sifuri ya nyumba isiyo na watu ni sawa. Sifuri ya nyumba yenye nguo kwenye kamba ina maana mita imesimama, kuna njia ya pembeni iliyoruka mita, au hakuna aliyekwenda kusoma. Sifuri miezi miwili mfululizo, mtume fundi.

Zaidi ya mara mbili ya wastani, au chini ya nusu yake. Usibadilishe namba ukiwa mezani. Fungua picha kwanza. Ikiwa picha haisomeki, mita irudiwe tarehe 27 na mtu tofauti na aliyeisoma mwanzo.

Kwa tarakimu zilizobadilishana nafasi kuna kipimo cha haraka: toa usomaji unaoutilia shaka kutoka ule uliotarajia, kisha gawanya kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda msomaji aliandika 465 badala ya 456. Huo si ushahidi, ni sababu ya kufungua picha.

Isiyowezekana. Mita ya kawaida ya nyumbani iliyoandikwa Q3 2.5 imetengenezwa kupitisha uniti 2.5 kwa saa mfululizo, sawa na 60 kwa siku. Nyumba ya kawaida ikionyesha uniti 2,000 kwa mwezi, hizo ni zaidi ya 1,800 ambazo mita ingepitisha bomba likiachwa wazi usiku na mchana kwa siku 30. Hiyo ni kosa la kuandika mpaka ithibitike vinginevyo.

Zilizofanana. Wateja sita jirani wote wana uniti 12? Njia hiyo ilisomewa kibarazani. Irudiwe yote.

Mwishowe, linganisha jumla ya uniti za wateja wa kanda na mita kubwa ya kanda hiyo kama ipo. Ikiwa maji yaliyoingia ni uniti 9,400 na yaliyoandikwa kwa wateja ni 6,100, kuna 3,300 zisizo na mwenyewe. Baadhi ni mabomba yaliyopasuka, baadhi ni mita zilizochoka, ambazo hushindwa kuhisi maji yanayopita taratibu, na baadhi ni wateja wasio kwenye rejesta yako. Tofauti ikiruka ghafla mwezi mmoja, shuku njia nzima ambayo haikuingizwa kwenye mfumo.

Umefaulu ukiona: kila mteja kwenye orodha ya shaka ana maelezo ya mstari mmoja na jina la aliyethibitisha. Hapo ndipo unafunga usomaji, na baada ya kufunga hakuna anayeugusa bila fomu.

## Hatua ya 5: Kadiria kwa kanuni

Geti limefungwa au mita imesimama, kadiria kwa wastani wa miezi mitatu ya mwisho iliyosomwa kweli. Usichukue wastani wa makadirio, maana kosa moja litajizaa lenyewe. Neno MAKADIRIO lionekane kwenye ankara, na makadirio yasivuke miezi miwili mfululizo. Mwezi wa tatu mpigie mteja mkubaliane siku ya kusoma, au mwombe picha ya mita.

Mita ikipatikana, linganisha. Mfano: usomaji halisi wa mwisho 300, ukakadiria uniti 14 ukafika 314. Mwezi unaofuata mita inasoma 322. Unaandika uniti 8 tu, kwa kuwa 14 zimeshalipiwa. Lakini ikisoma 309, mteja alitumia 9 kwa miezi miwili na ulishamtoza 14. Usimwandikie sifuri ukaachia 314 iwe ndiyo kianzio. Rudisha kianzio kwenye 309, kokotoa upya miezi yote miwili, na umrudishie tofauti kama salio kwenye akaunti yake.

## Hatua ya 6: Kokotoa

Bei za hapa ni za mfano tu. Weka za kwako. Tuseme uniti 5 za kwanza ni shilingi 1,200 kila moja, ya 6 hadi ya 15 ni 1,600, na zinazozidi 15 ni 2,000. Mteja alikuwa 00412, sasa 00434. Ametumia 22.

- 5 × 1,200 = 6,000
- 10 × 1,600 = 16,000
- 7 × 2,000 = 14,000
- Jumla: 36,000

Kosa la kawaida ni kuchukua 22 × 2,000 na kupata 44,000. Mteja kazidishiwa 8,000. Ngazi ya juu inahusu uniti zilizozidi peke yake, haizirudii za chini.

Kosa la pili linajificha zaidi. Mita haikusomwa mwezi mmoja, na sasa inaonyesha uniti 44 za miezi miwili. Ukizipiga kama mwezi mmoja unapata 80,000. Ukizigawa 22 na 22 unapata 72,000. Gawa kila mara, kwa sababu mfumo hautakugawia usipouambia.

Kisha ongeza majitaka na tozo nyingine, zile tu zilizomo kwenye bei zilizoidhinishwa. Tozo iliyofutwa huendelea kuishi kwenye mifumo ya zamani, kwa hiyo pitia mipangilio kila bei zinapobadilika. Bei mpya ikianza katikati ya mwezi, ihusu usomaji uliofanyika baada ya tarehe hiyo kwa namna agizo la bei linavyosema. Usibuni utaratibu wako.

Kabla ya kuendesha ankara zote, chukua wateja watano, mmoja kwa kila daraja na mmoja mwenye matumizi makubwa, uwapigie hesabu kwa kikokotoo. Zikilingana na mfumo mpaka shilingi ya mwisho, endelea.

## Hatua ya 7: Toa ankara inayojieleza

Ankara nzuri inamfanya mteja asifunge safari ya kuja kuuliza. Iwe na jina na namba ya mteja, namba ya mita, tarehe za usomaji wa nyuma na wa sasa, usomaji wote wawili, uniti, mchanganuo wa ngazi, deni la nyuma likiwa kwenye mstari wake, malipo yaliyopokelewa tangu ankara iliyopita, jumla, tarehe ya mwisho ya kulipa, kontroo namba na simu ya ofisi.

Deni la nyuma lisichanganywe na la mwezi huu. Mteja akiona 61,000 bila mchanganuo atasema mita inakimbia, kumbe 25,000 ni za mwezi uliopita.

Ujumbe wa simu nao uwe kamili. Unaofaa unasomeka hivi: *Ndugu mteja 10-0457, usomaji 412 hadi 434, uniti 22, ankara 36,000, deni la nyuma 25,000, jumla 61,000. Lipa kabla ya tarehe 14 kwa namba hii.* Utume saa za mchana. Ujumbe wa deni saa nne usiku hauleti hela, unaleta hasira.

Wala usibandike orodha ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na jina, simu na deni la mtu ni taarifa zake.

## Hatua ya 8: Pokea malipo na uyaoanishe kila siku

Fedha zipite benki au mitandao ya simu kwa kontroo namba. Msoma mita na fundi wasipokee pesa mkononi, hata mteja akibembeleza. Pesa taslimu mtaani ndiyo mwanzo wa «nilimpa kijana wenu».

Kila asubuhi linganisha vitu viwili: jumla iliyoingia jana kwenye taarifa ya benki au mfumo wa malipo, na jumla iliyopunguza madeni kwenye akaunti za wateja. Zikitofautiana, chanzo kitakuwa muamala uliochelewa kuvuka usiku wa manane, malipo yaliyoingia mara mbili, au kontroo namba ya zamani iliyoisha muda.

Yasiyotambulika yaweke kwenye akaunti ya malipo yasiyo na mwenyewe na uyafuatilie ndani ya siku saba. Wanaofanya kazi hii Kenya wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: kwenye paybill, namba ya kulipia biashara kwa M-Pesa, mteja huandika namba ya akaunti kwa mkono, na tarakimu moja ikiteleza pesa inaingia kwa mtu mwingine. Dawa ni moja. Omba ujumbe wa muamala, tafuta namba yake, hamisha kwa fomu, na umjulishe pia yule aliyeingiziwa kimakosa. Usihamishe kwa kutazama picha ya ujumbe pekee, kwani picha huhaririwa. Thibitisha kwenye taarifa ya benki.

Malipo pungufu yalipe deni la zamani kwanza, kwa wateja wote bila kubagua.

## Hatua ya 9: Shughulikia lalamiko mbele ya mita

Mteja akija na ankara kubwa, usianze kumtetea msoma mita. Fungua historia na mtazame pamoja. «Mama, mwezi wa tatu ulitumia uniti 11, wa nne 12, huu 34. Naomba nikuonyeshe picha ya mita.» Malalamiko mengi huishia hapo, ama kwa mteja kukumbuka ujenzi au wageni, ama kwa ofisi kuona kosa lake.

Mengine yanahitaji kwenda nyumbani. Utaratibu ni huu:

1. Soma mita mkiwa wote na msaini usomaji huo.
2. Funga bomba zote ndani, pamoja na koki ya tangi, kisha tazama kisahani kidogo cha kuhisi maji kwa dakika 10. Kikizunguka, kuna uvujaji baada ya mita.
3. Funga koki iliyo mara tu baada ya mita. Kikisimama, uvujaji uko upande wa mteja. Kikiendelea huku koki ikifunga vizuri, mita ndiyo mbovu.
4. Ukipata uvujaji, anza kwenye floti ya tangi la juu na tangi la choo. Haya huvuja kimya.

Mweleze kwa hesabu anayoiona. Uvujaji unaojaza chupa ya nusu lita kwa dakika moja ni lita 720 kwa siku, karibu uniti 22 kwa siku 30. Mtu anayetumia 11 ataandikiwa 33, na mita itakuwa imesema kweli.

Mteja akidai mita inakimbia, jaribu kwa chombo chenye kipimo cha uhakika. Dumu la lita 20 likijazwa mpaka shingoni huchukua zaidi ya lita 20, hivyo lipime kwanza na uchore mstari. Pitisha lita 100 na usome tarakimu nyekundu kabla na baada. Ikisoma 102, hakuna la kuzungumza. Ikisoma 110, ing'olewe ipelekwe kupimwa kitaalamu, kwenye maabara ya mita au kwa Wakala wa Vipimo, na ankara isubiri majibu.

Usiipuuze pia hoja ya hewa. Kwenye mitaa ya mgao, maji yakirudi husukuma hewa iliyokaa bombani, na hewa huzungusha mita. Mteja mmoja mmoja hatakuwa na ushahidi, lakini malalamiko yakitoka mtaa mmoja wa mwinuko baada ya mgao mrefu, peleka taarifa kwa mafundi ili wafunge valvu ya kutoa hewa.

Lalamiko liandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, lipewe namba na tarehe ya jibu. Mteja wa mamlaka ya maji asiporidhika, ana haki ya kwenda EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, linaweza kumwelekeza. Mwambie hivyo wewe mwenyewe. Jalada lako likiwa na picha, usomaji uliosainiwa na hesabu, huna cha kuogopa.

## Hatua ya 10: Rekebisha kwa karatasi

Ankara iliyokosewa haifutwi. Inabaki, na hati ya marekebisho inaipunguza au kuiongeza. Hati iwe na namba, sababu, hesabu ya awali, hesabu sahihi, tofauti, na saini mbili: ya aliyeandaa na ya aliyeidhinisha. Chombo chenye wafanyakazi wawili tu kimtumie mwenyekiti au mweka hazina kuidhinisha. Anayesoma mita asirekebishe, na anayerekebisha asipokee pesa.

Rekebisha pia kianzio. Ukipunguza shilingi na kusahau usomaji, kosa litarudi mwezi ujao likiwa limebadilisha shati.

## Hatua ya 11: Fuatilia madeni na ukate kwa utaratibu

Panga madeni kwa umri: siku 0–30, 31–60, 61–90, na zaidi ya 90. Nguvu nyingi ziende kwenye 31–60. Hapo mteja bado yupo, bado anakumbuka, na deni bado analiweza. Taasisi ziandikiwe barua yenye ankara zote, kwa kuwa wahasibu wao hawalipi kwa ujumbe wa simu.

Kabla ya kukata, kagua haya asubuhi hiyohiyo: notisi ilimfikia na muda wake umekwisha, hajalipa usiku, hana lalamiko lililo wazi, hana makubaliano ya kulipa kidogo kidogo anayoyatimiza, namba ya mita kwenye oda ni ya nyumba hiyo. Fundi asome mita anapokata na apige picha. Ijumaa jioni au mkesha wa sikukuu usikate, maana akilipa hutapata fundi wa kumrudishia.

Mpangaji anapohama, soma mita siku hiyo na utoe ankara ya mwisho. Waambie wenye nyumba waombe usomaji huo kabla ya kurudisha kodi ya tahadhari. Na nyumba yenye wapangaji wanane kwenye mita moja itaangukia ngazi ya juu kila mwezi hata wakibana vipi. Mshauri mwenye nyumba aombe mita zaidi.

## Hatua ya 12: Funga mwezi

Mlinganyo ni mmoja: deni la mwanzo, ongeza ankara, toa malipo, ongeza au toa marekebisho, upate deni la mwisho. Mfano:

- Deni la mwanzo: 48,300,000
- Ankara za mwezi: 21,750,000
- Malipo: 19,900,000
- Marekebisho ya kupunguza: 640,000
- Deni la mwisho: 49,510,000

Sasa jumlisha salio la kila mteja mmoja mmoja kutoka kwenye mfumo. Ikija 49,510,000, funga. Ikija tofauti, anza na marekebisho, halafu malipo yasiyo na mwenyewe, kisha wateja waliohamishwa daraja katikati ya mwezi. Wenye salio la ziada waorodheshwe peke yao, kwa sababu hupunguza jumla na kuficha ukubwa wa madeni ya wengine.

Ripoti kwa meneja iwe ukurasa mmoja: idadi ya mita zilizosomwa na zilizokadiriwa, uniti zilizoingia kanda na zilizoandikwa, kiasi cha ankara, makusanyo, madeni kwa umri, malalamiko yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, na mita zinazohitaji kubadilishwa kwa namba zake. Nakala ya orodha hiyo ya mwisho apewe mkuu wa mafundi siku hiyohiyo, maana mita iliyosimama ikiingia mwezi wa tatu bila kubadilishwa, kadirio lako halina tena pa kusimamia.